Nimekulia jikoni kwa Wahindu Upanga, ngoja niwaeleze wanavyoabudu nyumbani na hekaluni

Mtoto wa Flati:
Wakuu habari za muda huu. Kuna uzi jana jamaa kaandika kwamba Wahindi wote wanaabudu ng'ombe basi watu wakamiminia laiki kama mvua, nikasema acha nami nishushe ninachokijua maana mwenzenu nimelelewa humo humo.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kiswahili chetu kinatuponza, tunasema "Mhindi" kwa kila mwenye asili ya kule, wakati Bohora ni Mwislamu, Ismailia Mwislamu, Ithnasheri Mwislamu, Mgoa ni Mkatoliki tena anakuzidi wewe kusali rozari, yule wa kilemba tunayemwita Kalasinga ana dini yake, na Majaini nao wana yao. Mimi nawazungumzia WAHINDU, wale wazee wetu waliokuwa wanawaita Mabaniani, wa "Baniani mbaya kiatu chake dawa".

Mama yangu alifanya kazi za ndani miaka 19 kwa familia moja ya Kigujarati Upanga, flati ghorofa ya pili. Mimi nikitoka shule naenda pale, nafanyia homweki juu ya gunia la mchele jikoni mpaka mama amalize. Bibi wa ile nyumba tulimwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama au bibi, na Kiswahili chake kilikuwa kile chao mnachokijua. Nikiingia tu: "Juma, wewe naoga?" Nisipokuwa nimeoga nakaa mlangoni. Sababu ni kwamba jikoni kwenye kona ya mashariki ndiko alikokaa Mungu wao.

Ndiyo, jikoni. Kabati la mbao lina vimlango viwili, ukubwa kama kafriji kadogo ka gesti. Ndani kuna picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa heri na mali, kuna Ganesh mwenye kichwa cha tembo, na katikati kuna Krishna mchanga wa shaba, urefu hauzidi kidole gumba, anatambaa huku kashika tonge la siagi. Kila asubuhi ya Mungu Ba akishaoga anafungua vile vimlango na kupiga kikengele kidogo, anamwamsha. Anamtoa, anamkalisha kwenye kisahani, anamwogesha kwa kijiko, maziwa kidogo kisha maji, anamfuta na kitambaa laini kwenye makwapa humo (sitanii, makwapa), anampaka kitone cha sandali kwenye paji, anamvalisha kinguo. Vinguo alikuwa anashona mwenyewe, kimoja ni saizi ya bahasha ya panadoli, vingine vina mpaka lesi. India huko kwenye baridi wanawavalisha sweta kabisa. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo, siku moja Ba akaniona nacheka, hakugomba, akaniuliza tu, "Mama yako hakukuogesha wewe?"

Naendelea, nimepata mgeni.

Kibopa Mstaafu:
Tiririka mkuu, nimeshaweka kigoda.

Dada Mawigi:
Kwapa la mungu 😂😂😂 jamani. Endelea kaka niko hapa.

Mtoto wa Flati:
Nimerudi. Sasa kitu kilichonifungua macho ni msosi. Ba akipika chakula cha asubuhi, dali, wali, mboga, chapati zile nyembamba, HAONJI. Chumvi haonji, pilipili haonji, hata kuinusa sufuria kwa kukusudia hapendi. Wa kwanza kula ni yule wa kabatini. Anapakua kidogo kidogo kwenye vibakuli vya chuma, anaweka jani la tulsi juu (tulsi ni ndugu na mrehani na kivumbasi chetu, ukinusa utajua tu), anasogeza mbele ya Krishna halafu anafunga pazia. Kwa nini pazia? Kwa sababu mtu haangaliwi anapokula, ni utovu wa adabu. Anasubiri dakika kadhaa, anapiga kikengele, anafungua, kile chakula sasa si chakula tena, ni prasadi, kinarudishwa kuchanganywa na kingine na nyumba nzima inakula, pamoja na mama na mimi.

Mama ile tabia ikamganda. Mpaka leo hapiki akionja, na pilau lake chumvi haijawahi kuzidi wala kupungua. Ukimuuliza anakwambia mkono unajua.

Baadaye nilipokua nikawa nasoma soma, nikakuta hiyo yote ina utaratibu wake, wanaita puja, na ile ndefu kamili ina huduma 16. Sizihesabu zote hapa maana nitawachosha ila zisome hivi: anakaribishwa, anapewa kiti, anaoshwa miguu, anapewa maji ya mikono, ya kusukutua, anaogeshwa, anavikwa, anapakwa manukato, anapewa maua, anafukiziwa udi, anawashiwa taa ya samli, analishwa, anapewa tambuu na popoo, mwisho anazungukwa na kusujudiwa. Mtu wa pwani ukisoma hiyo orodha unaona nini? Ni mgeni wa heshima kaja nyumbani! Tofauti ni kwamba huyu mgeni anakuja kila siku na hachokwi.

Ndiyo maana mimi nabishana na watu wanaodhani ibada yao ni kama yetu ya kwenda kukaa bench kusikiliza mahubiri. Pale Upanga sikuwahi kumsikia Ba akihubiriwa na mtu. Kazi yote ilikuwa ya mikono.

Askari wa Zamu:
Mkuu heshima yako ila hayo si masanamu tu? Shaba imechongwa na mtu kiwandani halafu unaiogesha. Na miungu milioni 330 unaianzia wapi kuiogesha?

Mtoto wa Flati:
Swali zuri, na Ba nilimuuliza hivyo hivyo nikiwa darasa la tano, nikala kofi la mama hapo hapo.

Sanamu ikitoka dukani kwao ni shaba tu, unaweza kuifungia kwenye gazeti ukaitupia kwenye buti. Inakuwa murti ya kuabudiwa baada ya kufanyiwa ibada ya kuitia pumzi, wanaita prana pratishtha, prana ndiyo pumzi ya uhai. Hekaluni hiyo shughuli inachukua siku kadhaa na kuna hatua ya kufungua macho ya murti. Na inaweza kwenda kinyume vilevile. Kwenye sikukuu ya Ganesh wanatengeneza Ganesh wa udongo, wanamkaribisha, wanamhudumia siku moja na nusu au mpaka kumi na kitu, halafu wanamuaga na kwenda kumzamisha majini ayeyuke. Sasa mtu anayedhani udongo ndio Mungu angeuyeyusha mwenyewe kwa ngoma na vigelegele? Wewe kwa dini yako unaweza kukataa hilo jibu, sawa, ila ujue unakataa nini.

Kuhusu idadi. Hiyo milioni 330 inatoka kwenye "koti" 33, na wao wenyewe wanabishana, wengine wanasema koti ni krori yaani milioni kumi, wengine wanasema hapo maana yake ni aina. Ila mzee mmoja kwenye Upanishadi ya Brihadaranyaka, moja ya maandiko yao ya kale, Yajnavalkya, aliulizwa hilo swali lako kabla hujazaliwa. Miungu mingapi? Akasema 303 na 3003. Jamaa akamwambia sawa, lakini ni mingapi hasa? 33. Sawa, mingapi hasa? 6. Hasa? 3. Hasa? 2. Hasa? Mmoja na nusu. Hasa hasa? Mmoja. Hiyo mmoja na nusu ndiyo inaniua mimi, alikuwa anamaanisha upepo.

Askari wa Zamu:
Mmoja na nusu 😂 sawa mkuu, sijakubali ila nimeelewa.

Nyali Boy:
Wasee mimi ni Mhindu wa Mombasa, kizazi cha nne, babu wa babu alishukia hapa. Huyu jamaa anasema kweli lakini asiwafanye muamini Wahindu wote ni kama Ba. Nyumba yetu sisi ni Arya Samaj, dhehebu la Wahindu lisilotumia sanamu, hatuna murti hata moja! Arya Samaj ilianzishwa na Dayananda Saraswati Mumbai mwaka 1875, na Nairobi ilifika 1903, reli ikiwa bado mpya. Sisi ibada ni havani, unawasha moto kwenye chungu cha shaba cha pembe nne, juu kipana chini kimepungua, unaweka vijiti vya kuni, unamimina samli kwa kijiko na kurusha mchanganyiko wa majani na manukato ukisema mantra, na kila ukirusha unamalizia "swaha". Nyanya yangu mzaa mama naye ni Swaminarayan, dhehebu lingine la murti, kitunguu na kitunguu saumu haingii kwake. Mama aliolewa kutoka kwa murti akaja kwa moto. Wakikutana Diwali mimi nakula kwa wote wawili.

Mtoto wa Flati:
Nyali Boy asante sana, hilo la Arya Samaj nilikuwa nimelisahau kabisa. Ba alikuwa Swaminarayan pia na ndipo nilipoingia hekaluni mara ya kwanza, mtaa wa Kisutu hapo mjini, ule mtaa ukiupita jioni unasikia kengele pande zote.

Hekalu lenyewe sasa. Viatu nje, hilo halina mjadala. Unaingia unagonga kengele inayoning'inia, mara moja inatosha, ni hodi. Mbele kuna chumba cha ndani kabisa, ndimo murti zinamokaa, huko anaingia pujari tu, yule kuhani wao. Wewe unasimama unamtazama Mungu na yeye anakutazama, hiyo kutazamana wanaita darshani, na ukimuuliza Mhindu umeenda hekaluni kufanya nini mara nyingi atakujibu nimekwenda kupata darshani. Basi. Dakika tatu anatosheka, anazunguka mara kadhaa kwa mkono wa saa, kulia kwake kuelekee murti, anachukua prasadi anarudi dukani. Hakuna Ijumaa wala Jumapili ya lazima, japokuwa Jumatatu ni ya Shiva, Jumamosi wengi wanamkumbuka Hanuman, na siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi wao, ekadashi, Ba hakuwa anagusa nafaka yoyote, ilikuwa viazi na matunda na maziwa.

Kwenye hekalu kubwa la Swaminarayan lenye kuba zile zilizochongoka kuna arati tano kwa siku. Ya kumwamsha kabla hakujakucha, ya baada ya kuvikwa nguo, ya chakula cha mchana, ya magharibi, na ya kulala. Mchana mapazia yanafungwa, Mungu amepumzika, hata uje na ndege kutoka London utasubiri. Arati ndiyo ile taa ya tambi za pamba zilizolowekwa samli, pujari anaizungusha mbele ya murti watu wanaimba na kupiga makofi, wanaume upande wao wanawake wao, halafu ile sinia inapitishwa, unapitisha viganja juu ya moto unajipaka usoni. Ule moto una joto la samli, uso unabaki unanukia kama mandazi ya sikukuu.

Mtoto wa Flati:
Nyongeza kwa wale mnaopenda vitu vidogo. Kwa Shiva kuzunguka ni tofauti. Yeye anaabudiwa kwenye linga, jiwe la mviringo juu ya kitako chenye mkondo, watu wanalimwagia maji na maziwa na kuweka majani ya bilva yale ya vipande vitatu. Maji yanatokea kwenye ule mkondo. Sasa ukizunguka hautakiwi kuuvuka mkondo, unafika hapo unageuka unarudi ulikotoka mpaka upande wa pili wa mkondo, halafu unageuka tena. Nilivuka siku moja, mzee mmoja alinishika kola akanirudisha kinyumenyume kama anapaki gari.

Mwana Hurumzi:
Hapa Unguja Mji Mkongwe liko hekalu Hurumzi, Shiv Shakti, mimi nimekua nalisikia kengele yake kila magharibi, adhana ikimaliza na wao wanaanza. Suali langu, je mtu mweusi asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia kweli? Maana sisi tulikuwa tunaishia mlangoni.

Mtoto wa Flati:
Kisutu niliingia. Nairobi pia, lile kubwa la mawe yaliyochongwa India lililofunguliwa 1999, wanapokea wageni wote, na la Abu Dhabi lililofunguliwa Februari 2024 hivyo hivyo. Lakini si kila mahali. Hekalu la Jagannath kule Puri, India, asiye Mhindu haingii, imeandikwa kabisa getini. Indira Gandhi mwenyewe, waziri mkuu, alizuiwa kwa sababu mume alikuwa Mparsi, wa dini nyingine.

Na hapa niseme la moyoni maana sipendi uzi wa kusifia tu. Mama yangu miaka 19 hakuwahi kushika chombo cha maji ya puja. Kulikuwa na kopo la shaba linakaa juu ya shelfu, akifuta shelfu analizunguka. Ba alikuwa anasema ni usafi, hata mkwe wake akiwa kwenye siku zake hakugusa kabati wala kuingia hekaluni, na mjukuu wake asiyeoga alifukuzwa kama mimi. Ni kweli, niliona. Lakini mama alikuwa anaoga alfajiri kabla ya kupanda basi, na hakuna siku alioga ikatosha. Nimelizungusha hili kichwani miaka mingi, nusu naliona dini na nusu naliona ni ubosi tu umevaa nguo ya dini. Mama mwenyewe halijali, anasema kila nyumba ina kopo lake.

Nyali Boy:
Hiyo imeniuma bro. Na sitaitetea. Kwetu pia iko, na hata kati ya Wahindu wenyewe kwa wenyewe iko.

Kitabu Chekundu:
Mimi nimefanya uhasibu duka la hadiwea la Mgujarati Kariakoo. Mlioona Diwali mnaona fataki tu, nendeni dukani. Jioni ya Diwali bosi analeta familia nzima dukani kwa chopda pujan, yaani ibada ya vitabu vya hesabu. Kitabu kipya cha jalada jekundu kinafunguliwa ukurasa wa kwanza, anachora swastika kwa unga mwekundu (ni alama yao ya heri ya maelfu ya miaka kabla ya Hitler kuichafua, tusianze hapo), anaandika neno Shri kwa ngazi, moja juu, chini yake mawili, matatu, inakuwa kama piramidi, na "shubh" na "labh", heri na faida. Kesho yake ndiyo mwaka mpya wao. Mwaka wa kwanza wangu tulitumia kitabu cha kweli. Baadaye tulihamia Tally, programu ya hesabu ya kompyuta, basi laptopu ikawekwa mezani ikapakwa kitone chekundu karibu na tachipadi, ikawekewa ua na popoo. Mimi mlokole nimesimama pembeni nashika waya wa chaja.

Kibopa Mstaafu:
Na ile limau na pilipili saba zinazoning'inia mlangoni mwa maduka? Sisi tulijua ni ndumba.

Nyali Boy:
Hiyo ni ya Alakshmi, dada yake Lakshmi, yeye ni mkosi. Lakshmi anapenda tamu, kwa hiyo tamu iko ndani. Alakshmi anapenda kali na chachu, anaipata mlangoni, anashiba, anaenda zake. Usiikanyage ikianguka, hiyo peke yake.

Dada Mawigi:
Swali la mjinga, nywele je? Nimesikia wananyoa hekaluni.

Mtoto wa Flati:
Si la mjinga hata kidogo. Tirupati, kusini mwa India, mahujaji wananyoa kipara wanamtolea Venkateswara, mungu wa hekalu la pale, nywele zao, wanaume kwa wanawake, kwa maelfu kila siku. Hekalu linazikusanya na kuzipiga mnada, na zile ndefu za wanawake zinaishia kwenye biashara ya mawigi duniani. Mwaka 2004 marabi wa Kiyahudi walikataza wanawake wao kuvaa wigi za nywele hizo kwa sababu zimetolewa kwa sanamu, na Brooklyn wigi zikachomwa moto barabarani.

Dada Mawigi:
Yaani wigi langu la hyumani hea nililolipia laki nne, ambalo dada wa Kariakoo aliniapia ni la Brazili...

Kitabu Chekundu:
Hata hiyo "laki" yenyewe ni yao. Umelipa kwa Kihindi nywele za Kihindi.

Dada Mawigi:
Kanisani Jumapili nalivaa 😭

Askari wa Zamu:
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa na lindo Kisutu nikaomba ruhusa nikaingia magharibi kuona kwa macho. Kengele niligonga mara nne nikidhani kila mtu ana zamu zake, kitoto kimoja kikanicheka. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu, hakuna aliyenitahadharisha humu. Ile sinia ya moto ilipofika nikapitisha mikono nikajipaka kama wenzangu, sijui nimetenda dhambi gani huko kwetu, nitaulizia. Baadaye mzee akawa anagawa vipande vya utamu wa maziwa na iliki. Mkono wa kulia nilikuwa nimeshika simu, nikanyoosha wa kushoto. Mzee hakusema kitu, akasimama tu na kile kipande hewani ananitazama, foleni nzima nyuma yangu imesimama.

Mtoto wa Flati:
Ulitaka akupe? Bibi yako angekupa?

Askari wa Zamu:
Nikaweka simu mfukoni.